CHEMA CHAJIUZA, LAKINI NANI AMEKIONA?

Na Mwandishi Wetu

Wahenga walituachia usemi kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndugu msomaji, usemi huo umetumika miaka na mikaka kumtuliza mwenye bidhaa nzuri asipige kelele sokoni. Nyanya iliyoiva haihitaji mpiga debe. Mnunuzi huiona, huishika, huibonyeza kidogo kwa kidole gumba, akatoa fedha. Lakini nyumba je? Nyumba haibebwi kichwani ikapelekwa gulioni. Ipo pale ilipojengwa, na kama imejengwa Endagikot, pembeni mwa mji wa Mbulu mkoani Manyara, na mnunuzi yuko Arusha, Babati au Dar es Salaam, basi uzuri wake unabaki kuwa siri kati yake na majirani. Chema hicho kitajiuzaje?

Nilikuwa Mbulu mwezi Julai, wakati ambapo ukungu hukaa juu ya mikaratusi hadi jua lipande, na kila mtu, mkubwa kwa mdogo, hutembea amejifunika. Nilikuwa huko kwa kazi nyingine kabisa, habari za vitunguu saumu na bei yake. Lakini mwenyeji wangu alikuwa na jirani, mama mjane aliyevuka miaka 70, ambaye nyumba yake ilikuwa ikiuzwa tangu Aprili bila kupata mtu. Jina lake tutaliacha, maana hakutafuta kuandikwa gazetini. Tumwite Bibi, kama alivyoitwa na mtaa mzima.

Nyumba ya Bibi si ya kudharauliwa. Ni ya matofali ya kuchoma juu ya msingi wa mawe, vyumba vinne na sebule, bati lisilovuja, jiko la nje, na shamba dogo la mahindi na maharage linaloteremka hadi kwenye mikaratusi. Marehemu mumewe alikuwa seremala. Milango yote na madirisha yote ni kazi ya mikono yake, na ukiusukuma mlango wa mbele hausikii hata mlio mdogo. Lakini miguu ya Bibi imechoka na baridi ya huko, na binti yake aliyeolewa Babati amemwomba akakae naye. Bibi amekubali kwa sharti moja. Kwa fedha ya nyumba yake atajengewa chumba chake mwenyewe katika uwanja wa binti yake, chenye mlango wake. “Sitaki kuingia kwa mkwe mikono mitupu,” aliniambia, na wewe uliyekulia katika mila zetu huhitaji kuelezwa zaidi.

Basi dalali aliitwa. Alifika saa sita na nusu mchana, akatoa simu yake ya mkononi mfukoni, akapiga picha tatu akiwa wima mahali pamoja, akaondoka. Nilizitazama picha hizo. Ya kwanza ilikuwa ya mbele ya nyumba, na kwa kuwa jua lilikuwa utosini, kivuli cha upenu kilikuwa kimeufunika ukuta wote na madirisha ya marehemu yakaonekana kama mashimo meusi. Kwa vile simu iliinuliwa juu kidogo, kuta zilikuwa zimeegemeana kama walevi wawili. Ya pili ilikuwa ya uani: kamba ya nguo imejaa, beseni, pipa la maji, na mgongo wa mtoto anayekimbia. Ya tatu ilikuwa ya choo.

Picha hizo zilitumwa kwa watu wengi kwa njia ya simu, kama ilivyo desturi siku hizi. Kwa miezi mitatu alijitokeza mtu mmoja tu, naye alitaja shilingi milioni 19. Familia ilikuwa ikitazamia milioni 30. Dalali akaanza kusema, kwa sauti ya kuhurumia, kwamba huenda soko ndivyo lilivyo.

Mjukuu wa Bibi, kijana anayesoma chuo, ndiye aliyependekeza kwamba aitwe mpiga picha wa kazi hiyo, yule mwenye studio mjini ambaye hupiga harusi na vipaimara. Bei yake ilikuwa shilingi 50,000 baada ya mapatano. Ndani ya nyumba ile fedha hizo zilizua mjadala mkali. Bibi hakuelewa kabisa. “Picha ya harusi naijua,” alisema, “ya kipaimara naijua, ya kitambulisho naijua. Sasa nyumba inaoa nani?”

Swali la Bibi si la kipuuzi, na nimelitafakari sana tangu siku ile.

Katika Afrika Mashariki picha imekuwa ni ya mtu tangu mwanzo. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na vizazi kwa vizazi vya Waunguja vimekaa mbele ya kamera za studio hiyo. Mombasa kulikuwa na studio ya N. V. Parekh, ambako maharusi na marafiki walijipanga kwa fahari chini ya taa. Katika miaka ya 1990, pale kwenye kivuko cha Likoni, wapiga picha waliweka vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa majumba, meli na ndege, ili mtu aliyetoka bara kutafuta kazi aweze kuipelekea familia yake picha akiwa amesimama mbele ya jumba asilolimiliki. Kwa hiyo nyumba haikuwa ngeni mbele ya kamera. Tofauti ni kwamba ilikuwa ya kuchorwa, na kazi yake ilikuwa kumpamba mtu. Nyumba halisi, ile ya matofali na bati, haikudhaniwa kuwa na sura inayostahili gharama ya filamu.

Na katika nchi ya Wairaqw jambo lenyewe lina mzaha wa pekee. Huko Kainam, milimani, wazee wa zamani walichimba nyumba zao ndani ya mteremko, paa likawa bapa, likafunikwa udongo, na majani yakaota juu yake. Mtu aliyesimama ng’ambo ya bonde aliona kilima tu. Hiyo ilikuwa hekima, kwa maana enzi hizo za vita vya kutekana ng’ombe nyumba bora ilikuwa ile isiyoonekana. Leo wajukuu wa mafundi hao hao wanataka nyumba ionekane mpaka Dar es Salaam.

Siku ya miadi

Mpiga picha alifika saa mbili asubuhi, kijana mpole mwenye mkoba mgongoni na stendi ya miguu mitatu begani. Hakutoa kamera. Alimwamkia Bibi, akapewa chai, kisha akaizunguka nyumba mara mbili, taratibu, kama mtu anayetaka kuinunua yeye mwenyewe. Akauliza mlango unatazama wapi. Kaskazini, akajibiwa. Akafurahi.

Nilimwuliza furaha hiyo inatoka wapi, naye akanifundisha jambo ambalo katika chuo cha uandishi wa habari hatukufundishwa, ingawa somo la upigaji picha tulilipata. Sisi tuko kusini kidogo tu mwa mstari wa ikweta. Mwezi Juni na Julai jua letu hupita upande wa kaskazini wa anga, na mwezi Desemba hupita upande wa kusini. Kwa hiyo nyumba inayotazama kaskazini hupigwa jua usoni katikati ya mwaka, na inayotazama kusini hubaki kwenye kivuli chake yenyewe mpaka ifike miezi ya mwisho wa mwaka. Mwenye nyumba inayotazama kusini akitaka kuiuza Juni, yafaa asubiri siku ya mawingu mepesi, mwanga ukatawanyika sawasawa, kuliko kupiga picha dhidi ya jua. Na kwa wote, saa sita mchana ni adui. Saa tatu au nne asubuhi, na saa kumi au kumi na moja jioni, mwanga huja kwa ubavu. Matofali huonekana moja moja, lipu huonyesha mkono wa fundi, na rangi ya bati hailii machoni.

Ukungu ulikuwa bado haujainuka. Mpiga picha akasema atarudi saa kumi, na kwa muda huo akaacha kazi. Kazi hiyo, ndugu msomaji, ilikuwa ya ufagio. Nguo zianuliwe. Beseni na ndoo ziingizwe ndani. Madirisha yafunguliwe, mapazia yavutwe kando, vyombo juu ya meza viondolewe. Watoto wa jirani waliifanya kazi hiyo kwa shangwe kubwa. Rundo la kuni alisema libaki, kwa sababu mnunuzi akiona kuni zilizopangwa vizuri karibu na jiko anajua kwamba hapa palikuwa na maisha ya mpango.

Aliporudi aliianza kazi. Kamera ilikaa juu ya stendi, kimo cha kifua cha mtu mzima, ikitazama mbele moja kwa moja, haikuinamishwa wala kuinuliwa, na kwa sababu hiyo kuta zikasimama wima kama seremala alivyozisimamisha. Ndani alitumia lenzi ya pembe pana kiasi, akasimama kwenye kona ya chumba ili kuta mbili na dirisha viingie. Chumbani jicho la binadamu huona kitanda na huona pia mlima ulio nje ya dirisha kwa wakati mmoja. Kamera haiwezi hivyo. Ukiiweka ione chumba, dirisha linawaka jeupe, ukiiweka ione nje, chumba kinakuwa pango. Kwa hiyo alipiga picha tatu za mahali pamoja, yenye mwanga mdogo, wa kati na mwingi, aje kuziunganisha kwenye kompyuta. Hilo ndilo fundi alilolipwa, pamoja na kusubiri. Dakika 40 nzima tulisubiri wingu moja lipite.

Yapo mambo ambayo simu ya kawaida inaweza kuyafanya vizuri, na sitaki msomaji mwenye kipato kidogo akate tamaa. Kufagia hakuhitaji kamera ya bei kubwa. Kuchagua saa hakuhitaji lenzi. Kuiegemeza simu juu ya dirisha isitikisike, kuifuta kioo chake kwa kitambaa safi, kuisimamisha wima, hayo yote ni ya bure. Jihadhari tu na ile pembe pana kupita kiasi iliyo katika simu za siku hizi, ambayo hukifanya chumba cha futi kumi kwa kumi kionekane kama ukumbi wa mikutano. Na picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora njiani. Itume kama faili, ifike kama ilivyotoka.

Ufa na kaburi

Nyuma ya nyumba ya Bibi pana ufa. Unaanzia chini ya dirisha la chumba cha tatu na kuteremka kwa mshazari karibu kufikia msingi. Bibi aliuona mapema kuliko sisi sote, akatoka ndani na kanga mbili, akataka zitundikwe pale kana kwamba zinaanikwa.

Mpiga picha alizipokea zile kanga kwa mikono miwili, akazikunja, akamrudishia. “Bibi,” alisema, “mtu atatoka Arusha kwa basi, atashuka amechoka na vumbi, ataona ufa huu ambao hakuonyeshwa. Kuanzia hapo hataamini hata bati.” Kisha akachukua kiberiti jikoni, akakishikiza ukutani kando ya ufa ili ukubwa uonekane, akapiga picha ya karibu. Ufa ulionekana kuwa mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Bila kile kiberiti, kwa picha tu, ungeweza kudhani nyumba inapasuka vipande viwili.

Nikiri kwamba tendo lile lilinigusa kwa sababu za binafsi. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mgeni jijini Dar es Salaam, nilionyeshwa na dalali mmoja picha ya chumba kizuri chenye vigae sakafuni. Nikalipa fedha ya kwenda kukiona. Chumba nilichopelekwa kilikuwa na sakafu ya saruji iliyobanduka, na nilipouliza vigae viko wapi nikaambiwa picha ile ilikuwa “ya mfano”. Fedha haikurudi. Tangu siku hiyo picha ya nyumba naitazama kama ninavyotazama noti chakavu.

Na hasara yangu ilikuwa ndogo. Anayetembea katika mitaa ya Dar es Salaam huona kuta zilizoandikwa kwa rangi, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni hudhani ni kiburi. Maandishi hayo yamezaliwa na machozi, kwa maana wapo matapeli wanaouza nyumba za watu wengine, au ndugu mmoja anayeuza nyumba ya urithi nyuma ya migongo ya wenziwe. Picha nzuri mikononi mwa mtu wa namna hiyo ni silaha. Kwa hiyo mnunuzi, hata ukivutiwa na picha kiasi gani, nenda ukaione nyumba, ongea na majirani, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na pale penye hati nenda ofisi ya ardhi ukahakikishe jina. Kumbuka pia kwamba kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mume au mke kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kama mwenye nyumba amefariki, anayeuza awe na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Familia ya Bibi ilikuwa nayo. Nawe unayeuza, usitume picha ya hati yako kwa mtu usiyemjua. Picha ya nyumba inatosha kumleta, hati ataiona akifika.

Wenzetu wa Uingereza waliliona tatizo hili la picha mapema. Sheria yao ya mwaka 1991 iliwakataza madalali wa nyumba kutoa maelezo ya uongo, na ikasema wazi kwamba maelezo yanaweza kutolewa hata kwa picha. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2013 na mahali pake pakachukuliwa na kanuni pana za kumlinda mlaji. Sisi tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji katika biashara. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kumpeleka dalali popote kwa ajili ya picha?

Turudi Endagikot. Chini ya mikaratusi, mwisho wa shamba, lipo kaburi la seremala. Limejengewa kwa saruji, na msalaba wake ni wa mbao aliouchonga mwenyewe akiwa mgonjwa. Dalali, ambaye naye alikuwa amefika jioni ile, alimvuta mpiga picha pembeni na kumwambia kwa sauti ya chini asithubutu kulionyesha. Watu huogopa, alisema. Kaburi lishushe bei kwa nini, wakati ukisogea hatua tatu kulia halimo kwenye picha?

Wote wawili walikuwa na hoja. Ni kweli kwamba wapo wanunuzi wanaogeuza njia wakiona kaburi uwanjani, hasa wa mjini. Ni kweli pia kwamba ukilificha leo, kesho utakuja ugomvi: mnunuzi atataka lihamishwe, familia itakataa, na kufukua kaburi si jambo la kuamuliwa kwenye baraza ya nyumba, lina taratibu zake za serikali, lina mila zake na dini yake. Mpiga picha hakubishana. Aliteremka hadi pale Bibi alipokuwa amesimama na kumwuliza, “Bibi, huku chini nipige, au niache?”

Bibi alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, “Piga na yeye. Ndiye aliyeijenga.”

Ilikuwa picha ya mwisho ya siku ile. Jua lilikuwa limeshuka, vivuli vya mikaratusi vimelala juu ya mahindi, na kutoka pale chini nyumba ilionekana yote, mlango wazi, kaburi likiwa dogo upande wa kushoto. Kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Dalali alitikisa kichwa tu.

Bei na picha

Picha 14 zilitumwa, pamoja na maelezo mafupi yaliyotaja ufa na kaburi bila kificho. Katika wiki tano waliuliza watu wengi, na watatu wakafunga safari. Mmoja aliliona kaburi kwa macho yake akasema hapana, akaondoka kwa heshima. Wawili walibaki, na hapo ndipo bei ilipopanda, kwa sababu penye wanunuzi wawili muuzaji hasemi tena kwa unyonge. Aliyeipata ni mtumishi wa serikali aliyehamishiwa wilayani, mwenye mke na watoto. Alilipa shilingi milioni 27.

Je, ni picha iliyoongeza milioni nane? Ningependa kusema ndiyo, makala ingekuwa tamu zaidi. Lakini picha haikuongeza hata tofali moja katika nyumba ya Bibi. Thamani ile ilikuwapo tangu siku seremala alipoipigilia misumari. Kilichokosekana ni watu wa kuiona. Mthamini wa nyumba naye hutia picha katika ripoti anayoipeleka benki, lakini benki haikopeshi kwa ajili ya uzuri wa picha. Hutaka kujua kwamba nyumba ipo na iko katika hali gani. Kwa muuzaji wa kawaida faida ya picha njema ni ya namna hiyo hiyo. Inawaleta wengi, na kati ya hao inawaondoa mapema wale ambao wangepoteza nauli yao na muda wako. Milioni tatu hazikufikiwa, na ni lazima ufa na kaburi vilikuwa na fungu lao katika upungufu huo. Bibi alijua hivyo alipojibu swali la mpiga picha.

Naongeza kwamba isingefaa kila nyumba kugharamiwa hivi. Chumba kimoja cha kupangisha Manzese hakihitaji stendi ya miguu mitatu. Kinahitaji simu, ufagio na ukweli. Wala sioni haja ya ile ndege ndogo isiyo na rubani ambayo baadhi ya madalali wa mijini hujitapa nayo. Kuirusha kunahitaji vibali, na nyumba ya vyumba vinne ikitazamwa kutoka mawinguni ni bati tu.

Lakini hata asiyeuza, ningemshauri aipige picha nyumba yake, vyumba vyote na vyombo vyake, na nakala aiweke kwa ndugu aliye mbali. Desemba 3, 2023, katika wilaya ya jirani ya Hanang, matope na mawe yaliporomoka kutoka mlimani na kufukia sehemu za Katesh na vijiji vya karibu. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nyumba ambazo jana yake zilikuwa na mapazia na picha za harusi ukutani zilikuwa udongo mtupu. Sijui neno la kuwapa waliopoteza yote hayo, ila najua kwamba mtu akitaka kueleza alikuwa na nini, kumbukumbu hulegalega mapema.

Kabla ya kurudi nyumbani, safari nyingine, nilipitia Babati kumsalimu Bibi. Mkataba ulikwisha andikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wa pande zote mbili. Ndani yake mna kipengele kwamba kaburi litabaki, na familia itaruhusiwa kulifikia kwa kupitia njia ya chini bila kubisha hodi. Mnunuzi alikuwa ameiona picha kabla ya kuja, akakubali bila mjadala. Mkewe ndiye aliyependekeza hiyo njia ya chini.

Chumba cha Bibi kilikuwa kimefika kwenye linta. Alinionyesha mahali mlango utakapokaa. Mlango wenyewe ulikuwa umeegemezwa ukutani, umefunikwa gunia: ni ule wa mbele wa Endagikot, mwenye nyumba mpya amemwachia, akaweka wake wa chuma.

Ile picha ya jioni mjukuu alikuwa ameisafisha kwenye karatasi na kuitia kwenye fremu. Bibi aliitoa chini ya mto, akaivaa miwani yake, akaitazama kwa muda mrefu kana kwamba anahesabu matofali.

“Hivi ilikuwa kubwa hivi?” akaniuliza.

Nilimwambia ndiyo, ilikuwa kubwa hivyo hivyo. Akaifuta kioo kwa ncha ya mgorori, akairudisha chini ya mto, akasema tukanywe chai.